Nambari ya Mfuatano

Usiku wa Januari, Šiauliai. Theluji imebana dirisha.
Ndani, mashine zinapumua joto kama ng'ombe zizini,
na mimi, Vaiva, na kikombe changu cha chai iliyopoa,
nalinda msafara ambao hakuna ajuaye kuwa unapita.

Watu hudhani mtandao ni picha na sauti.
Mimi sioni picha, sisikii sauti.
Naona stakabadhi:
nani, saa ngapi, mnara upi,
kiasi gani kimepanda, kiasi gani kimeshuka.
Busu lililotumwa Kaunas saa nne usiku
kwangu ni kilobaiti kumi na mbili.
Matusi ya ndugu wawili wanaogombea shamba
ni kilobaiti kumi na mbili vilevile.

Mali bila daftari hupotea bila habari:
hiyo ndiyo dini ya ofisi hii.
Kila rekodi hutoka langoni na nambari yake ya mfuatano,
hupiga hodi kwa mashine ya ankara kule Vilnius,
na haibanduki mpaka iambiwe: Nimepokea.
Ikikosa jibu, hodi tena.
Ikikosa tena, hukimbilia kwa jirani, mashine ya akiba,
na kunong'ona:
Nishike, ila usinihesabu bado;
huenda mwenzako alinipokea akazimika kabla ya kujibu.

Basi huwekwa kando. Si deni, si msamaha.
Hungoja neno moja kati ya mawili:
iachiliwe, au ifutwe.

Saa saba na dakika tisa kebo ya Vilnius ilikatika.
Labda tingatinga la theluji, labda panya.
Foleni ikavimba, elfu tatu, elfu tisini,
nikampigia Gintautas, akajibu kwa sauti ya mtu aliyelala na soksi:
"Usiguse kitu. Ikirudi, futa marudio, basi."

Ilirudi saa kumi kasorobo. Nikaanza kupepeta.
Kweli, mengi yalikuwa makapi ya hofu ya mashine:
nambari ileile, sekunde ileile.
Futa. Futa. Futa.

Kisha nne zimefuatana.
Simu moja, mnara mmoja, nje ya Joniškis,
penye nyumba tatu na kanisa lisilo na kasisi.
Kila moja nusu dakika ya kuita kwa video,
kilobaiti chache zimepanda,
kilichoshuka si cha kutajwa.
Kichujio kimekwisha kuzipaka manjano:
marudio, marudio, marudio.

Namba hiyo naijua kwa moyo.
Laini niliinunua mimi, nikakuza herufi za kioo
mpaka neno moja likajaa mstari.

Nikatazama tena. Saa nane na dakika nne.
Na tano.
Na saba. Na kumi na mbili.
Nambari za mfuatano ni nne, hazifanani.
Simu yangu ilikuwa kabatini, kama kanuni isemavyo.

Hii si mashine inayorudia hodi kwa kukosa jibu.
Au ndiyo hiyo hiyo:
mzee Rimgaudas, miwani puani,
kidole kikavu kikibonyeza palepale,
asijue kama hodi imefika.

Daftari halisemi alitaka nini.
Halina safu ya hilo. Nilitafuta, kama mjinga,
nikashuka hadi safu ya mwisho:
sababu ya kufunga kikao, kawaida.
Kawaida!

Nikaziachilia zote nne.
Senti sita kwenye bili yake; nitalipa mimi.
Jumatatu Gintautas ataniuliza kwa nini nilikipinga kichujio,
nami nitamwambia kwamba zilikuwa nne.

Saa kumi na mbili nikafungua kabati.
Aliitika kabla mlio wa kwanza haujaisha.
"Vaivutė, hakuna jambo.
Nilitaka tu uone theluji ilivyofika ngazi ya pili."
Akaigeuza simu vibaya.
Nikaona dari, taa, sikio lake.

Mahali fulani lango likaandika:
megabaiti nne zimeshuka.